Kuendesha kipindi nako ni sanaa? Jibu kwa mtangazaji wa Kisumu

Msomaji wa Kisumu ameniandikia hivi: "Habari ya kazi, mwalimu. Mimi na mwenzangu wa kiume tunaendesha kipindi cha burudani kwenye runinga ndogo ya hapa. Tunahoji wageni, tunataniana, tunacheza michezo na watu wa Kondele na soko la Kibuye, nusu Kiswahili nusu Dholuo. Niliona mtandaoni mwanamke wa Uingereza akipewa tuzo ya kitaifa ya mtumbuizaji bora wa runinga kwa kuendesha mchezo unaoitwa The Traitors. Hakuigiza, hakuimba. Kaka yangu alicheka, akasema hiyo si sanaa, ni kusoma kadi. Je, majaji wa tuzo kama hiyo huangalia nini hasa? Sisi tunaochanganya lugha tuna nafasi katika tuzo za huku kwetu? Marafiki wananihimiza nitafute hela za kampeni ya kura. Na tukishinda, tuzo ni yangu au ni ya sisi wawili?"

Dada yangu, uliyemwona ni Claudia Winkleman, na tuzo yenyewe ni ile ya utumbuizaji ya BAFTA, taasisi ya filamu na runinga ya Uingereza, aliyoipata mwaka 2023. Kwa ambao hawajauona mchezo huo: kundi la watu linawekwa kwenye ngome huko Uskoti, wachache kati yao wanateuliwa kisiri kuwa wasaliti, na waliobaki wanahangaika kuwatambua kabla hawajatolewa mmoja baada ya mwingine. Mwendeshaji anaingia, anatangaza nani ametolewa, anawapa jukumu la siku, anatoka. Ukitazama kwa jicho la kaka yako, kweli hakuna kazi hapo.

Lakini kuna jambo linalomjibu vizuri kuliko hoja yoyote. Marekani wana toleo lao la mchezo huohuo, wakirekodia kwenye ngome ileile, na mwendeshaji wao ni Alan Cumming. Mwaka 2024 Cumming naye alishinda Emmy, tuzo kuu ya runinga ya Marekani, ya mwendeshaji bora. Sasa walinganishe. Cumming ni mwigizaji wa jukwaani, anavaa kama mfalme wa hadithi na kila neno analivuta kwa madaha, anafurahia mateso ya wachezaji wake waziwazi. Winkleman ana nywele zilizomfunika hadi machoni, anazungumza karibu kwa kunong'ona, na mtu akitolewa unaona usoni mwake kwamba limemuuma. Kanuni ni zilezile, kadi ni zilezile, kuta ni zilezile, na vipindi viwili vimetoka vyenye tabia tofauti kabisa. Kama ingekuwa ni kusoma kadi, vingefanana. Kilicholetwa na mtu mwenyewe, kisichokuwemo kwenye kadi, ndicho kinachopewa tuzo.

Wala si mtindo wa juzi. Emmy zilipotolewa kwa mara ya kwanza, Januari 1949 huko Hollywood, zilikuwa chache sana, na mojawapo ilimwendea msichana wa chuo, Shirley Dinsdale, aliyekuwa akizungumza na kikaragosi chake kiitwacho Judy Splinters mbele ya kamera. Tuzo yake ilikuwa ya mtu mashuhuri bora wa runinga. Kwa hiyo runinga ya Marekani, kabla haijawa na tuzo kwa waigizaji wake mmoja mmoja, tayari ilikuwa imemzawadia mtu anayekaa mbele ya watazamaji na kuwachangamsha.

Na huku kwetu? Mwambie kaka yako amkumbuke mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake, "Je, Huu ni Uungwana?", kilianza mwaka 1966 na kikadumu kwa miongo mingi. Mzee Mbotela hakuwa akiigiza mhusika, alikuwa ni yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye adabu, anakuuliza kama inafaa kula shereheni usikoalikwa. Kisa chenyewe ungeweza kukisimulia wewe au mimi na kisichekeshe mtu. Kilichekesha kwa sababu ya kile kitambo alichokiacha kabla ya kuuliza lile swali, na ile sauti ya kusikitika kidogo kana kwamba mkosaji ni jirani yake wa karibu. Sijui ungekiita nini hicho kama si sanaa.

Sasa tofauti iliyopo, na hii ni muhimu kwako utakapojaza fomu. Marehemu Charles Bukeko, mtoto wa Busia, alipovaa koti la bawabu na kuwa Papa Shirandula kwenye runinga ya Citizen, alikuwa anaigiza. Kuna mwandishi, kuna mhusika, kuna mke wa kwenye hadithi na deni la kwenye hadithi. Kazi ya namna hiyo inakwenda kwenye uigizaji wa vichekesho. BAFTA wanazitenga kabisa: uigizaji wa tamthilia una vipengele vyake, uigizaji katika vichekesho una vyake, na utumbuizaji una chake. Hiki cha mwisho hakigawanywi kwa wanaume na wanawake, wote wanashindania kimoja. Anayeingia humo kwa kawaida anatokea kama yeye mwenyewe, awe mwendeshaji, mchekeshaji au mgeni wa kudumu wa kipindi. Mipaka ina mianya, bila shaka. Mwaka 2016 alishinda Leigh Francis, ambaye kwenye kipindi cha Celebrity Juice alikuwa akijigeuza kuwa mtu mwingine kabisa aitwaye Keith Lemon. Lakini hata yeye, ndani ya sura hiyo ya bandia, alikuwa akijibizana na wageni halisi bila kujua watasema nini. Kutojua mwenzako atasema nini ndiko kunakotenganisha kazi hizi mbili, kuliko hata suala la jina au koti.

Basi majaji huangalia nini? Nimetayarisha vipindi vya burudani Nakuru kwa miaka mingi, na nimekaa mezani na watu wanaochagua washindi katika mashindano madogo madogo, kwa hiyo nitakwambia ninavyojua, si inavyoandikwa kwenye vijitabu.

Jambo la kwanza wanaloliona, hata wasipolitaja, ni kusikiliza. Umesema mnakwenda Kibuye. Umemuuliza mama muuza omena swali la utani, naye amekujibu kwa neno kali kuliko lako, watu wote wa pale wameangua kicheko. Mtangazaji dhaifu hapo anafanya moja kati ya mambo mawili: analirudia lile neno la mama kwa sauti kubwa ili lionekane lake, au anakimbilia swali la pili lililoandikwa mkononi. Aliyekomaa ananyamaza, anamtazama mama, anaiacha kamera ibaki pale. Kicheko cha pili, kile kinachokuja baada ya mama mwenyewe kutambua alichosema, ndicho bora zaidi, na hakiji kama umekifukuza. Jaji aliyewahi kushika maiki anaona hilo mara moja.

La pili ni namna unavyotoka kwenye shimo. Mgeni amekasirika, umeme umekatika, mtoto ameingia katikati na kulia. Vipindi vingi vya huku kwetu huyakata mambo hayo wakati wa kuhariri kwa kudhani ni aibu. Usiyakate! Hayo ndiyo yanayoonyesha kama mtu ana uwezo au ana bahati. Mhariri wako akikuambia "tumesafisha," muulize amesafisha nini.

La tatu ni kama mgeni ametoka akiwa amependeza zaidi kuliko alivyoingia. Tazama washindi wachache wa BAFTA. Mwaka 2019 alishinda mchekeshaji Lee Mack kwa Would I Lie to You?, mchezo wa timu mbili zinazobashiri nani anadanganya, na yeye hata si mwendeshaji wa kipindi hicho, ni nahodha wa timu moja. Anayeendesha ni Rob Brydon. Lakini ukikaa ukamtazama Mack, unaona jinsi anavyochukua sentensi ya kawaida ya mgeni asiye mchekeshaji na kuigeuza kuwa kichekesho cha wote wawili. Mwaka 2022 alishinda Big Zuu, rapa kijana wa London mwenye asili ya Sierra Leone, kwa kipindi cha kuwapikia wachekeshaji chakula akiwa na marafiki zake. Hakikurushwa BBC. Kilirushwa Dave, chaneli ndogo. Nakuletea hilo kwa makusudi, kwa sababu najua runinga ndogo zina ugonjwa wa kujidharau.

Mambo mengine (mavazi, taa, ukubwa wa studio) yanasaidia kidogo tu. Sauti mbovu, hata hivyo, inaua. Jaji atavumilia picha yenye giza, hatavumilia maiki inayovuma upepo wa ziwa. Nunueni vifuniko vya maiki kabla hamjanunua makoti.

Nije kwenye kura, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotapeliwa.

Tuzo za runinga duniani huchagua washindi kwa njia tatu hivi. Uingereza inakupa mfano mzuri kwa kuwa ina zote mbili za mwanzo ndani ya nchi moja. National Television Awards, zilizoanza mwaka 1995, ni za kura za umma. Humo Ant na Dec, jozi ya watangazaji, walishinda tuzo ya mtangazaji bora kila zilipofanyika kuanzia 2001, zaidi ya miaka 20 mfululizo, mpaka mtangazaji wa michezo Gary Lineker alipowapokonya mwaka 2025. BAFTA nao wana utaratibu mwingine: wanachama wa taaluma hupiga kura kuchuja, kisha jopo dogo la majaji hukaa, hujadili kazi zilizobaki, na kuamua. Umma huachiwa tuzo moja tu, ile ya tukio la kukumbukwa la mwaka. Na katika miaka hiyohiyo ambayo umma ulikuwa unawarudia Ant na Dec bila kuchoka, jopo lilimpa Lee Mack, likampa Mo Gilligan 2020, Romesh Ranganathan 2021, Big Zuu, Winkleman, kisha Joe Lycett 2024. Ant na Dec wenyewe walipata BAFTA hiyo zaidi ya mara moja, kwa hiyo si kwamba jopo linawachukia wapendwa wa watu. Ni kwamba swali linaloulizwa ni tofauti. Umma unaulizwa: nani unayempenda? Jopo linaulizwa: mwaka huu, kazi ipi?

Njia ya tatu ni ya Emmy, ambako wanataaluma kwa maelfu hupiga kura kila mmoja kwake. Ungetarajia wawe kama jopo, lakini wanaelekea upande wa umma kuliko unavyodhani. RuPaul, wa shindano la RuPaul's Drag Race, alishinda Emmy ya mwendeshaji bora mara 8 mfululizo, kuanzia 2016 hadi 2023. Kabla yake, kipengele hicho kilipoanza mwaka 2008, Jeff Probst, wa mchezo wa Survivor, alishinda mara 4 za mwanzo. Maoni yangu, na wenzangu wengine hawakubaliani nami: wapigakura wakiwa wengi na wasipokaa pamoja kubishana, mazoea hushinda. Anayejulikana anaendelea kujulikana. Kwa mtu wa runinga ndogo ya Kisumu, jopo linalokaa na kubishana ndiyo rafiki yako mkubwa.

Tuzo yetu ya Kalasha, inayoendeshwa na Tume ya Filamu ya Kenya tangu 2009, huchanganya majaji na kura za watazamaji. Tuzo za filamu na runinga za Africa Magic za Lagos, zilizoanza 2013, nazo zina vipengele vya majaji na vipengele vya watazamaji. Kwa hiyo kura zipo, na si dhambi kuwaomba watu wako wa Kisumu, Siaya na Homa Bay wakupigie. Tangaza mwishoni mwa kipindi, weka kiungo, shukuru. Kufanya hivyo hakuhitaji harambee.

Lakini hela za kampeni? Dada yangu, hapana. Ukipigiwa simu na watu wanaosema umeteuliwa, kisha wanataka ada ya uteuzi, au kila kura ni shilingi kadhaa kwa nambari ya paybill, au lazima ununue meza ya wageni kabla jina lako halijachapishwa, hiyo ni biashara ya kuuza vikombe. Zimejaa Nakuru, zimejaa Kisumu, na kila Desemba naona kijana mwingine ameshika kioo chenye jina lake lililoandikwa vibaya. Wanaoajiri watangazaji Nairobi wanazijua zote kwa majina. Kikombe cha namna hiyo kwenye wasifu wako kinakupunguzia. Hela hizo mlipe mhariri wa picha.

Kuhusu lugha, nina furaha kukujibu kwa sababu watu wengi wanaogopa bure. Kuchanganya Kiswahili na Dholuo si kasoro. Ndivyo Kondele inavyozungumza, na kipindi kinachozungumza Kiswahili cha taarifa ya habari sokoni Kibuye kingekuwa cha uongo. Tuzo za Afrika zimewahi kuwa na vipengele maalumu vya lugha za asili, Kiswahili kikiwemo katika zile za Lagos. Shida yako haitakuwa lugha bali maandishi ya chini ya picha. Jaji wa Mombasa au Meru asiyejua Dholuo anategemea mistari hiyo miwili, na watu wengi huiandika usiku wa mwisho wakiwa wamechoka. Kosa kubwa ninaloliona ni mstari unaotokea sekunde mbili kabla mzungumzaji hajamaliza. Jaji ameshasoma kichekesho, anamsubiri mama amalize kukisema, na kicheko cha sokoni kinamkuta amepoa. Mstari utokee pamoja na neno la mwisho. Uwe mfupi kuliko kilichosemwa. Na pale ambapo utani unategemea sauti au jina la ukoo, msijaribu kueleza. Wekeni maana ya jumla tu na mwacheni mtazamaji aone nyuso za watu. Mpeni kazi hiyo mtu anayezijua lugha zote mbili na anayecheka kwa urahisi. Usimpe mwalimu wa sarufi (nasema hivi nikiwa nimeoa mmoja).

Kisha kuna mambo makavu yanayowaangusha wengi kuliko majaji wanavyowaangusha.

Mwenye haki ya kuwasilisha kazi kwa kawaida ni mtayarishaji au mwenye kituo, si mtangazaji. Kama mkataba wako haujasema lolote, mfuate bosi wako sasa, kabla mlango wa maombi haujafunguliwa, akupe barua ya ruhusa. Tume ya Filamu ikitangaza maombi, soma orodha ya vipengele vya mwaka huo neno kwa neno, kwa maana orodha hubadilika, na usidhani kipengele ulichokiona miaka mitatu iliyopita bado kipo. Usiichanganye Tume hiyo na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ambayo kazi yake ni kukagua na kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Nimeona bahasha zikienda mlango usio wake.

Jambo linalofuata ni nakala. Runinga ndogo hufuta rekodi zao ili kupata nafasi kwenye diski, na kinachobaki ni kile kilichopakiwa mtandaoni kikiwa kimebanwa, na nembo mbili juu yake na tangazo la mkopo katikati. Omba nakala safi ya kila kipindi wiki ileile kiliporushwa, weka kwenye diski yako, andika tarehe na saa ya kurushwa, kwa sababu tuzo hizi huuliza kazi ilirushwa kati ya tarehe gani na gani. Angalia pia muziki mnaoupiga chinichini. Wimbo wa ohangla unaopendwa na kila mtu una mwenyewe, na vyama vya hakimiliki vipo. Kituo kinaweza kuwa na leseni ya kurusha hewani, lakini usidhani leseni hiyo inakuhusu unapopeleka kipindi mahali pengine. Tafuta msanii kijana akutungie mlio wenu wenyewe, mwandikiane karatasi, na suala hilo liishe.

Na kipindi gani upeleke? Watu huchagua kile kilichokuwa na mgeni mkubwa. Mimi ningekataa. Mgeni akiwa mwanasiasa au mwanamuziki anayejulikana, jaji anamtazama yeye. Chagua kile cha sokoni, ambacho nyota wake ni watu wasiojulikana na uzi unaowashikanisha ni ninyi. Kiwe kizima tangu salamu hadi kwaheri, wala si vipande vizuri vilivyounganishwa. Vipande vinaonyesha kwamba ulichekesha mara sita. Kipindi kizima kinaonyesha kwamba uliwashika watu muda wote, pamoja na zile dakika ambazo hakuna kichekesho.

Limebaki swali la mwenzako. Ant na Dec huteuliwa kama jozi na hupokea kama jozi, kwa hiyo duniani hilo ni jambo la kawaida, na mashindano mengi yanaruhusu majina mawili kwenye uteuzi mmoja ikiwa kazi haiwezi kutenganishwa. Jipimeni hivi: tazameni kipindi hicho mlichokichagua, kisha mjiulize kama kingesimama endapo mmoja wenu angekuwa mgonjwa siku ile. Kama kingesimama, wekeni jina la yule aliyekibeba, na mwingine akubali mwaka huu. Kama kingeanguka, andikeni majina yote mawili, na mwandikiane leo, mbele ya shahidi, fedha zikija zinagawanywa vipi na kikombe kinakaa kwa nani. Fanyeni hivyo mkiwa bado mnapatana na hamjashinda chochote.